Mjumbe wa Saratani

Wazee wetu walisema kwamba mjumbe hauawi. Maana ya methali hii ni wazi. Mjumbe hakuitunga habari aliyoichukua. Yeye ametumwa tu, na kumwadhibu kwa maneno ya bwana wake ni dhuluma. Lakini yuko mjumbe mmoja ambaye methali hii haiwezi kumkinga. Hukaa ndani ya mwili wa mwanadamu. Hupokea amri mbaya mahali pamoja akaipeleka mahali pengine, na amri hiyo ikitimizwa mara nyingi mno, mtu huugua saratani. Insha hii yataka kueleza jinsi mjumbe huyu alivyotambuliwa, na jinsi wanakemia wa siku hizi wanavyojaribu kumkata njiani kabla hajafikisha salamu zake. Ni historia ya zaidi ya miaka 150, na wengi katika wale walioitengeneza hawakujua kwamba walikuwa wakiitengeneza.

Historia yenyewe yaanza katika uchafu. Mwaka wa 1869 kijana mmoja Mswisi, jina lake Friedrich Miescher, alikuwa akifanya kazi katika maabara iliyokuwa ndani ya ngome ya kale katika mji wa Tübingen, Ujerumani. Alitaka kujua seli za mwili zimeumbwa kwa vitu gani. Hospitali iliyokuwa karibu ilimpa vitambaa vilivyofungiwa vidonda, navyo vilijaa usaha, kwa maana usaha una seli nyeupe za damu kwa wingi. Watu wengine waliviona vitambaa hivyo kuwa takataka za kutupwa. Miescher aliviosha, akazitoa seli, na ndani ya viini vyake akakuta kitu ambacho hakikufanana na protini, nacho kilikuwa na fosforasi nyingi. Alikiita nukleini, yaani kitu cha kiini. Baadaye wataalamu walitambua kwamba asidi za jamii hiyo ziko za namna mbili. Moja twaiita DNA na ya pili twaiita RNA.

Mwaka wa 1953 James Watson na Francis Crick, huko Cambridge, Uingereza, walieleza umbo la DNA, wakisaidiwa na picha za eksirei zilizopigwa katika maabara ya Rosalind Franklin. Ilionekana kwamba DNA ni kama kitabu kikubwa ambamo yameandikwa maagizo yote ya kuujenga mwili na kuutunza. Lakini hapo lilizuka swali gumu. Kitabu hiki kimefungiwa ndani ya kiini cha seli, wala hakitoki. Protini, ambazo ndizo wafanyakazi wa mwili, hutengenezwa nje ya kiini, katika viwanda vidogo viitwavyo ribosomu. Ni nani, basi, achukuaye maagizo kutoka kitabuni hadi kiwandani?

Jibu lilipatikana mwaka wa 1961. Sydney Brenner, François Jacob na Matthew Meselson walionyesha kwamba iko RNA ya namna ya pekee ambayo huishi kwa muda mfupi. Hunakiliwa kutoka katika ukurasa mmoja wa kitabu cha DNA, huenda katika ribosomu, husomwa hapo, kisha huharibika. Jacob na mwenzake Jacques Monod, huko Paris, walikuwa wamekwisha kukikisia kitu hicho na kukipa jina la mjumbe. Jina hilo lilifaa sana, nalo limedumu. Jeni ndilo bwana atoaye amri, RNA ni mjumbe, na protini ni mtumishi aitimizaye. Bwana akiwa mwema, nyumba hutengemaa. Bwana akiingiwa na wazimu, mjumbe hawezi kujua. Huchukua amri ya wazimu kwa uaminifu ule ule anaochukulia amri ya akili.

Namna bwana anavyoweza kuingiwa na wazimu ilijulikana kwa njia iliyopita katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto mmoja mwanamume ambaye taya zake zote zilikuwa zimevimba, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwa ameona uvimbe wa namna hiyo. Baada ya muda alimwona mtoto mwingine mwenye dalili kama zile, ndipo akaanza kuzichunguza kumbukumbu za hospitali na kuandika barua kwa madaktari wenzake. Mwaka wa 1958 aliandika habari za saratani hiyo katika jarida la madaktari wa upasuaji wa Uingereza. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakaenda safari ya majuma 10 na maili 10,000 hivi, kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali hadi hospitali kama maradhi hayo yalionekana huko. Leo saratani hiyo huitwa limfoma ya Burkitt.

Haikutosha kujua maradhi yalipatikana wapi. Ilibidi kujua yalitokana na nini. Mwaka wa 1982 wataalamu waliokuwa wakizichunguza seli za limfoma hiyo waligundua jambo la kushangaza. Kipande cha kromosomu ya 8 kilikuwa kimekatika na kuungana na kromosomu nyingine, mara nyingi ile ya 14. Katika kipande hicho lilikuwamo jeni liitwalo MYC. Jeni hili si baya kwa asili yake. Kazi yake ni kuiambia seli ikue na kugawanyika wakati ufaapo. Lakini lilipohamishwa kutoka mahali pake na kuwekwa jirani na jeni ambalo halinyamazi katika seli za damu, nalo likasahau kunyamaza. Likatuma wajumbe mchana na usiku, kila mjumbe akibeba neno lile lile: gawanyikeni, gawanyikeni. Hivyo ndivyo taya la mtoto lilivyovimba. Tena si katika limfoma ya Burkitt peke yake. Saratani nyingine nyingi zina MYC iliyopita kiasi.

Hapa msomaji ataweza kuuliza: ikiwa protini ya MYC yajulikana kuwa ni mkorofi, kwa nini isitengenezwe dawa ya kuizuia yenyewe? Swali hili ni la haki. Dawa nyingi tunazozijua hufanya hivyo hasa. Ni molekuli ndogo, ambazo huingia katika shimo lililo katika umbo la protini, kama ufunguo unavyoingia katika kitasa, zikaifunga isifanye kazi. Lakini protini ya MYC ni kitasa kisicho na tundu. Umbo lake halitulii, nalo halina shimo la kufaa. Wanakemia walihangaika nayo kwa miaka mingi, na wengine wakakata shauri kwamba haishikiki. Mtumishi asiyeshikika huwafanya watu wamfikirie mjumbe aliyemletea amri.

Lakini je, mjumbe mwenyewe aweza kushikwa? Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba RNA ni uzi mlegevu tu, usio na umbo la kupokea dawa. Walikosea, na ushahidi wa kosa hilo ulikuwa mikononi mwao. Mwaka wa 1943 Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, alipata streptomaisini kutoka katika viumbe vidogo vya udongoni. Dawa hiyo ndiyo ya kwanza ya jamii yake kuwashinda bakteria wa kifua kikuu. Wagonjwa wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania walidungwa sindano zake na wakapona. Wala wao, wala waliowadunga, hawakujua mahali hasa inapopiga. Mwaka wa 2000 umbo la sehemu moja ya ribosomu ya bakteria lilipigwa picha kwa eksirei huko Cambridge, na streptomaisini ikaonekana imekaa juu ya RNA ya ribosomu hiyo. Kwa hiyo molekuli ndogo ilikuwa ikiishika RNA na kuwaokoa watu kwa zaidi ya miaka 50 kabla jambo hilo halijaonekana kwa macho.

Siri ni kwamba uzi wa RNA haukai umenyooka. Hujikunja juu yake wenyewe, sehemu yake moja ikashikana na nyingine, kama ukindu unavyopindwa katika ususi. Mahali pengine pindo hilo hukaza, mahali pengine hulegea likaacha vifundo, vitanzi na vishimo. Katika vishimo hivyo molekuli ndogo yaweza kuingia. Mwaka wa 2020 dawa iitwayo risdiplam ilikubaliwa Marekani kwa ajili ya ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya watoto. Ni dawa ya kunywa, nayo hufanya kazi kwa kubadili jinsi RNA inavyokatwa na kuungwa kabla haijasomwa. Mashaka ya zamani yalipata jawabu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba molekuli ndogo ndizo zilizotangulia katika vita hivi. Mwaka wa 1978 Paul Zamecnik na Mary Stephenson, katika Chuo Kikuu cha Harvard, walitengeneza uzi mfupi wa DNA ambao herufi zake zilikuwa kinyume cha herufi za RNA ya virusi fulani vya saratani ya kuku. Uzi huo ulijibandika juu ya RNA hiyo, na virusi vikashindwa kuzaana sawasawa. Kutoka katika jaribio hilo ilizaliwa jamii nzima ya dawa, na ya kwanza ilikubaliwa Marekani mwaka wa 1998, kwa ajili ya maradhi ya macho yaliyowapata watu wenye UKIMWI. Dawa za namna hii zimeleta heri kubwa. Lakini nyuzi hizi ni nene na nzito zikilinganishwa na molekuli ndogo. Ni shida kuzipenyeza ndani ya seli, na kwa kawaida haziwezi kumezwa. Hapana budi zidungwe. Ndiyo sababu wengine walitamani kupata kitu kidogo zaidi, ambacho chaweza kupita mlangoni mwa seli bila ya kubisha hodi, na ambacho labda siku moja chaweza kuwa kidonge.

Basi shida ikawa nyingine. Kumshika mjumbe si sawa na kumkomesha. Mtu aweza kumshika mwenzake bega, naye akaendelea na mwendo wake. Molekuli ndogo nyingi zilizoshikamana na RNA hazikumzuia mjumbe kabisa. Alisomwa vivyo hivyo kama kwamba hakuguswa. Ilihitajiwa nguvu ya kukata, na nguvu hiyo ilipatikana mahali ambapo hapakutazamiwa, yaani ndani ya mwili wenyewe.

Mwaka ule ule wa 1957, Burkitt alipomwona mtoto wa Kampala, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walikuwa London wakifanya majaribio kwa virusi vya mafua na ngozi laini za ndani ya mayai ya kuku yenye vifaranga. Waliona kwamba seli zilizokutana na virusi vilivyouawa hutoa kitu ambacho huzikinga seli nyingine. Walikiita intaferoni. Miaka 20 baadaye, katika taasisi ile ile ya London, Ian Kerr na wenzake walikuwa wakiuliza intaferoni huikingaje seli. Mwaka wa 1978 walieleza kwamba seli iliyoonywa na intaferoni hutengeneza mnyororo mfupi wa ajabu, ambao viungo vyake vimefungamana kwa njia isiyo ya kawaida katika RNA. Mnyororo huo ni kengele ya hatari. Sauti yake humwamsha askari aliyelala, kimeng'enya kiitwacho ribonukleasi L. Na herufi hiyo ya mwisho yatokana na neno lenye maana ya kufichika.

Askari huyu ana tabia ambayo yafaa kukumbukwa. Akiwa peke yake hana madhara. Kengele ikilia, askari wawili hukutana na kushikana, ndipo panga zao huchomolewa. Kisha huanza kuikata RNA iliyo karibu nao, ya virusi na hata ya seli yenyewe, ili adui asipate mahali pa kuzaana. Mwaka wa 1993 Robert Silverman na wenzake, huko Marekani, walitangaza kwamba wamelipata jeni la kimeng'enya hiki. Mwaka huo huo Paul Torrence, pamoja na Silverman na wengine, waliunganisha kengele ile na uzi wa kujibandika wa namna aliyoifanya Zamecnik, wakaonyesha kwamba askari aweza kuelekezwa kwenye RNA moja iliyochaguliwa. Wazo lilikuwa limekwisha kuzaliwa, lakini bado lilikuwa limefungwa katika uzi mnene.

Mwaka wa 1993 ulileta jambo la pili. Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliokuwa wakichunguza mnyoo mdogo wa udongoni ambao urefu wake hauzidi milimita moja hivi, walitangaza kwamba ziko RNA fupi sana ambazo hazichukui amri yoyote ya kujenga protini. Kazi yao ni kuwafunga kinywa wajumbe wengine. Wengi walidhani kwamba hiyo ni ajabu ya minyoo tu. Haikuwa hivyo. RNA hizi, ambazo twaziita maikro-RNA, zimo katika mwili wa mwanadamu pia, na mwaka wa 2002 George Calin, Carlo Croce na wenzao walionyesha kwamba mbili kati yao hupotea katika saratani fulani ya damu. Baadaye zilionekana nyingine ambazo huleta madhara kwa kuzidi, si kwa kupungua, kwa kuwa huwanyamazisha wajumbe wa protini zinazoilinda seli. Ambros na Ruvkun walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2024, zaidi ya miaka 30 baada ya mnyoo wao kudharauliwa.

Sasa vijito vyote vilikuwa karibu kukutana. Mwaka wa 2001 wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Craig Crews na Raymond Deshaies, walionyesha kwamba yawezekana kutengeneza molekuli yenye mikono miwili: mkono mmoja huishika protini mbaya, na wa pili hukishika chombo cha seli kinachoharibu protini zilizochakaa. Protini mbaya hupelekwa jalalani na mwili wenyewe. Je, haiwezekani kufanya vivyo hivyo kwa RNA?

Aliyelishika swali hili ni Matthew Disney, mwanakemia wa kituo cha Scripps katika mji wa Jupiter, jimbo la Florida. Kwa miaka mingi yeye na wanafunzi wake walikuwa wakikusanya habari za vifundo na vishimo vya RNA, na za molekuli ndogo zinazopenda kukaa humo, kama mtu anayeandika daftari la vitasa na funguo zake. Mwaka wa 2014 walitangaza kwamba kwa daftari hilo wameweza kupata molekuli inayoishika RNA iitwayo miR-96 kabla haijakomaa. RNA hiyo, ikizidi katika saratani ya matiti, huinyamazisha protini inayoihimiza seli mbovu ijiue. Mwaka wa 2018 waliongeza mkono wa pili. Waliiunga molekuli yao na kengele ile ya Kerr, yaani mnyororo mfupi unaomwamsha askari. Molekuli hizi zenye mikono miwili waliziita RIBOTAC.

Jinsi zinavyofanya kazi si vigumu kueleza. Molekuli huingia katika seli. Mkono wa kwanza hulitafuta pindo la RNA linalotakiwa na kulishika. Mkono wa pili humwita ribonukleasi L. Askari wawili hukutana pale pale, wakachomoa panga na kumkata mjumbe vipande. Mjumbe akisha kukatwa, molekuli haikufa pamoja naye. Huachiliwa, ikaenda kumshika mwingine. Kwa hiyo dawa kidogo yaweza kuwakomesha wajumbe wengi, tofauti na dawa ya kufunga kitasa, ambayo kila chembe yake hufunga kitasa kimoja tu. Katika seli za saratani ya matiti zilizolelewa maabarani, miR-96 ilipungua, protini ya ulinzi ikarudi, na seli zikafa. Seli za matiti zilizo nzima hazikudhurika vivyo hivyo.

Mwaka wa 2020 walipiga hatua mbili kwa pamoja. Kwanza, mnyororo wa kengele uliondolewa, na mahali pake ikawekwa molekuli ndogo yenye uwezo wa kumwamsha askari yule yule. Hivyo dawa nzima ikawa ndogo. Pili, waliielekeza kwenye miR-21, ambayo huzidi katika saratani nyingi, na kuijaribu katika panya waliokuwa na saratani ya matiti ya kusambaa. Katika panya waliopewa dawa, saratani ilisambaa kidogo zaidi katika mapafu kuliko katika wale wasiopewa. Kisha mwaka wa 2023 walitangaza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Walichukua molekuli ambazo huishika RNA bila ya kuizuia, zile za kushika bega tu, wakazipa mkono wa pili. Na molekuli ambazo zilikuwa hazifai kitu zikawa zinakata. Miongoni mwa wajumbe waliokatwa kwa njia hiyo katika seli alikuwamo mjumbe wa MYC. Yule mtumishi asiyeshikika, aliyevimbisha mataya ya watoto wa Mulago, alinyimwa amri zake kabla hazijamfikia.

Furaha ya habari hii isitufanye tusahau kipimo. Majaribio niliyoyaeleza yalifanywa katika seli na katika panya. Kati ya panya na mgonjwa ipo njia ndefu, na dawa nyingi zilizowaponya panya zilipotea katika njia hiyo. Ziko hatari tatu ambazo kila mtu mwenye busara atazifikiria. Ya kwanza ni kwamba seli ina maelfu ya RNA, na mapindo yao mengine yanafanana. Upanga ukimkosa mwenye hatia hautakosa kumpata asiye na hatia. Ya pili ni kwamba askari ribonukleasi L hakugawanywa sawasawa katika viungo vyote vya mwili. Mahali alipo haba, kengele italia bure, na mahali alipo tele huenda akaamka kupita kiasi. Ya tatu ni kwamba saratani ni adui mwerevu. Hubadilika, na njia iliyofungwa leo huitafutia nyingine kesho. Anayetangaza ushindi kabla ya mambo haya kupimwa kwa wagonjwa wenyewe, kwa uangalifu na kwa miaka, huwauzia watu matumaini ambayo si mali yake.

Tena liko jambo la nne, nalo halitokani na kemia. Limfoma ya Burkitt haikungoja molekuli za mikono miwili. Tangu miaka ya 1960 wagonjwa wengi waliotibiwa Kampala na Nairobi walinywea uvimbe wao kwa dawa za wakati ule, na leo katika nchi tajiri watoto karibu 9 kati ya 10 wenye saratani hiyo hupona. Katika sehemu nyingi za Afrika wanaopona ni wachache zaidi. Dawa zinazotumiwa zajulikana. Sababu ni kwamba mtoto hufikishwa hospitali akiwa amechelewa, au nauli humwishia mzazi katikati ya matibabu, au dawa haipo siku inapotakiwa. Kwa hiyo elimu ya maabara ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni barabara, fedha, ukweli wa watumishi na huruma ya jamaa. Molekuli iliyo bora kuliko zote haiwezi kumwokoa mtoto ambaye hakufika.

Msomaji akiitazama historia hii yote ataona kwamba mkufu wake umeungwa kwa vitu ambavyo mwenye kiburi angevipita bila ya kuviinamia: vitambaa vya usaha, udongo, mayai ya kuku, mnyoo asiyezidi milimita, na barua za daktari aliyeuliza habari za taya lililovimba. Miescher hakutafuta dawa ya saratani. Isaacs alikuwa na mafua mawazoni, na Ambros alikuwa na mnyoo. Kila mmoja alifanya kazi ndogo iliyokuwa mbele yake kwa uaminifu, akaandika alichokiona bila ya kukitia chumvi, na waliokuja baadaye wakakuta msingi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimechukua miaka zaidi ya 150 nacho hakijajaa bado.

Kwa kijana aliye darasani leo, akijifunza majina ya sehemu za seli na kuyaona kuwa mzigo wa mtihani tu, historia hii ina neno. Hakuna ajuaye ni kipande gani cha elimu kitakachohitajiwa kesho, wala ni nani atakayekiunga na kingine. Mjumbe wa saratani ameanza kukatwa njiani. Kazi ya kumkata bila ya kumdhuru mwenye nyumba, na kuifikisha tiba hiyo kwa mtoto wa mbali kama kwa wa karibu, bado haijapata mtu wa kuimaliza.